Sura tisa za majina mwanzo wa Mambo ya Nyakati: mnazisomaje bila kuziruka?

FundiWaMajengo (ameanzisha mada)

Mbukwa wana jukwaa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma mjini. Jumatano jioni huwa tunakutana watu kumi na wawili hivi kusoma Biblia, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tumemaliza Wafalme wa Pili, sasa tunaingia Mambo ya Nyakati, na zamu ya kuongoza imeniangukia mimi. Kiongozi wetu ameniambia, tena kwa nia njema kabisa: "Dada, anzia sura ya kumi, pale Sauli anapokufa. Hizo tisa za mwanzo ni majina matupu."

Tangu Jumapili neno hilo, "majina matupu", limenikaa kifuani. Naomba niseme kwa nini, kisha niulize.

Baba alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, kijijini kwetu, ukishapita Mvumi. Matanga yalipoisha kikaitishwa kikao cha ukoo ili apatikane msimamizi wa mirathi. Mnajua mahakama ya mwanzo wanataka muhtasari wa kikao wenye majina ya warithi. Baba mdogo ndiye aliyeandika. Alipomaliza akasimama, akavaa miwani, akasoma: kaka zangu watatu, watoto wao wa kiume, mpaka mjukuu wa miezi minne aliyekuwa mgongoni kwa mama yake analia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Kila jina likitajwa najiambia linalofuata ni langu. Akafika mwisho, akakunja karatasi. Mimi na dada yangu hatukuwemo. Hatukutukanwa wala hatukufukuzwa, ila hatukutajwa. Na shamba lenyewe ni ekari mbili za zabibu ambazo sisi wawili tumepogoa na kufunga matawi tangu tuko darasa la nne.

Iliandikwa upya siku ileile. Kaka mkubwa alisimama upande wetu, wote tukasaini, sina kesi na mtu. Lakini kuanzia siku hiyo orodha ya majina ikisomwa mahali popote, moyo wangu unakaa wima.

Jingine ni bibi mzaa baba, aliyefariki 2009. Akiwa anabangua karanga alikuwa anatutajia ndugu zake wa tumbo moja, kwa mpangilio uleule kila mara, na mikono haisimami. Ila kulikuwa na jina moja, la pili, akilifikia mikono inatulia juu ya ungo. Huyo alikuwa dada yake ambaye bibi hakuwahi kumwona kwa macho. Alitolewa akiwa na miaka kama sita wakati wa njaa ya Mtunya, ile iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalipochukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Walimtoa kwa watu waliokuwa na mtama, na hakurudi. Bibi alikuwa anamtaja, anatulia kidogo, halafu anaendelea na wa tatu. Jina lake siliandiki hapa, ni la nyumbani.

Kwa hiyo swali langu: mnaposoma zile sura, mnaona nini? Naomba msinijibu kwamba andiko lote lina pumzi ya Mungu, hilo naliamini. Nataka mnionyeshe mahali, mstari kwa mstari ikibidi, maana Jumatano nina watu kumi na wawili mbele yangu, na wawili kati yao huwa wanasinzia hata kwenye vita vya Daudi.

---

MzeeWaBahi

Marahaba mwanangu. Pole na msiba wa baba, na pole na ule mkeka wa mlangoni.

Nimekuwa mwinjilisti miaka mingi na sura hizo nilikuwa naziruka kama wenzangu, mpaka mwaka fulani nilipougua mguu nikalazwa na Biblia peke yake. Nikagundua jambo moja la kukusaidia. Sura ya kwanza inaanza: "Adamu, na Sethi, na Enoshi." Hakuna kitenzi. Hakuna alizaa, hakuna alikuwa, ni majina yanatembea kama mifugo inaingia zizini mmoja mmoja. Sasa wewe soma kwa sauti, usikimbie, ila ukikuta kitenzi, simama. Mwandishi hakuweka kitenzi hapo bure.

Nenda sura ya saba, mstari wa 20 hadi 24. Unasoma wana wa Efraimu, jina, jina, jina, halafu ghafla: Ezeri na Eleadi wameuawa na watu wa Gathi, kwa sababu walishuka kwenda kuwanyang'anya ng'ombe wao. Mimi nimelelewa na ng'ombe. Najua maana ya vijana kuondoka usiku na kurudishwa wamebebwa, au kutorudishwa. Sihitaji mhubiri anieleze mstari ule. Kisha linafuata neno ambalo nilipolisoma nikiwa kitandani nilikiweka kitabu kifuani: baba yao akaomboleza siku nyingi, na ndugu zake wakaja kumfariji. Katikati ya orodha! Mwandishi ana makabila kumi na mawili ya kuandika, lakini amesimamisha kazi ili aseme watu walikuja matangani. Baadaye Efraimu anapata mtoto mwingine, anamwita Beria, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na ubaya. Na sisi si tuna akina Mashaka, akina Shida, akina Tabu? Mtoto anabeba jina la mwaka aliozaliwa.

Na mstari unaofuata, wa 24, huo nakupa wewe na dada yako. Binti yake aliitwa Sheera, naye ndiye aliyejenga Beth-horoni ya chini na ya juu, na Uzen-sheera. Nyumba iliyopoteza vijana, binti akajenga miji.

Usiache pia 4:39 hadi 40, watu wa Simeoni wanaingia bonde la Gedori kutafuta malisho ya mifugo yao, wakayapata manono, na nchi pana, imetulia. Nimeswaga ng'ombe kutoka Bahi kwenda upande wa Manyoni kiangazi majani yalipokwisha. Nikisoma "imetulia" nasikia hadi harufu.

---

LindoLaUsiku

Mimi si msomi, nalinda geti la ofisi moja kule Mtumba, zamu ya usiku. Nitasema kimoja tu.

Sura ya 9, kuanzia mstari wa 17. Mabawabu. Majina yao yapo: Shalumu, Akubu, Talmoni, Ahimani. Jumla yao waliochaguliwa walinzi wa malango ni 212. Walikaa pande nne, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Ndugu zao waliokuwa vijijini walikuwa wanakuja kila siku saba kupokezana. Mstari wa 27 unasema walilala kuizunguka nyumba ya Mungu, na kuifungua kila asubuhi ilikuwa kazi yao.

Miaka sita niko getini. Watu wanaoingia asubuhi wananiita "mlinzi", hata wale wema. Siku niliyokutana na Akubu na Talmoni nilikuwa kwenye kibanda, saa tisa usiku, upepo wa Dodoma ule wa mwezi wa saba, nimejifunga blanketi. Nikamulika tena kwa tochi ya simu nihakikishe. Bawabu, kaandikwa jina, kitabu kimoja na wafalme.

Pale pale mstari wa 31 yuko Matithia, yeye kazi yake ilikuwa vitu vya kupikwa kwenye kaango. Mama ntilie wa hapa getini nilimsomea. Aliniambia nirudie.

---

KijanaWaNg'ong'ona

Nawasalimu wote. Mimi ni mwanafunzi, nina shida ya kweli na naiuliza kwa heshima.

Maneno ya mzee na ya kaka mlinzi yamenigusa. Lakini je, orodha zenyewe ni za kweli? Nilikaa nikalinganisha nasaba ya Ezra. Kwenye Ezra 7:3, kutoka Amaria unakwenda Azaria, kisha Meraiothi. Kwenye 1 Nyakati 6, kati ya Meraiothi na huyo Azaria kuna majina mengine sita, na Sadoki kuhani wa Daudi akiwemo. Sita wameachwa. Halafu Mwanzo 5: Methusela alimzaa Lameki akiwa na miaka 187, Lameki akamzaa Nuhu akiwa na 182, na gharika ikaja Nuhu akiwa na 600. Jumlisha unapata 969, ndiyo miaka ile ile ya Methusela. Yaani alikufa mwaka wa gharika. Nilipoipata hesabu hiyo nilishtuka. Mtu aliyepanga namba hizi alikuwa anapanga kwa makusudi. Sasa kama zimepangwa, na kama majina yanarukwa, dada atawaambia nini watu wake Jumatano wakimuuliza kama ni historia?

---

MwalimuMpwapwa

Kijana, umefanya kazi nzuri, wengi hawafiki hata kwenye kujumlisha. Nilifundishwa Kiebrania kidogo chuo cha theolojia na bado kinanisaidia, nitajaribu.

Anza na neno "mwana". Kwa Kiebrania ni *ben*, na *ben* ni mwana, ni mjukuu, ni kitukuu, ni mtu wa ukoo. "Baba" ni *av*, nalo ni pana vilevile. Humohumo kwenye 1 Nyakati 2 utasoma kwamba Ashuri ni baba wa Tekoa na Salma ni baba wa Bethlehemu. Hiyo ni miji! Mtu anaitwa baba wa mji kwa kuwa watu wake ndio walioukalia. Sisi jambo hili lisitupe taabu. Mimi nina baba mkubwa wawili na baba wadogo watano, na karani mgeni akiniuliza "baba yako nani" nikamtajia babu, sijasema uongo. Wazee wetu nao wakitaja ukoo hawataji kila mtu. Wanataja mwanzilishi, wanataja wale ambao mgawanyo wa nyumba ulitokea kwao, na wa karibu. Ezra alitaka kuonyesha kwamba anatoka kwa Haruni, na kwa kazi hiyo orodha fupi inatosha. Kwa hiyo dada, ukiulizwa kama ni historia, jibu kwamba ni historia ya namna wanavyoisema wazee barazani: inasema nani ni wa nani, na kwa nini ana haki ya kusimama pale aliposimama.

Kuhusu miaka ya Mwanzo 5, namba zilizoko kwenye Biblia ya Kiebrania, ya Wasamaria na ya Kigiriki cha kale hazilingani, kwa hiyo hata wanakili wa zamani walikuwa wanazihangaikia. Mimi mwenyewe naisoma sura ile kwa kusikiliza neno "akafa". Linakuja mara nane. Kwa Henoko tu halipo: "naye akatoweka, maana Mungu alimtwaa." Isomwe kwa sauti, na mtu mmoja aitikie "akafa" kila mara. Kwa Henoko kitikio kitamkwama mdomoni. Hapo huna haja ya kufafanua.

Sasa jambo ninalotaka kukaa nalo. Kitabu hiki kiliandikwa kwa watu gani? Yerusalemu iliangushwa na Wababeli mwaka 586 KK, hekalu likachomwa, watu wakachukuliwa. Mwaka 538 KK Koreshi wa Uajemi akaruhusu warudi. Mambo ya Nyakati ni kitabu cha baada ya hapo. Wasomaji wake ni watu waliorudi kwenye mji uliovunjika, hawana mfalme, mashamba ya babu zao yana watu wengine. Mtu wa namna hiyo akifungua kitabu akakuta kinaanza "Adamu, na Sethi, na Enoshi" na kinamfikisha mpaka kwa wale waliorudi, mpaka kwa bawabu na mwokaji kwenye sura ya 9, hasinzii. Anatafuta watu wake, kama wewe ulivyokuwa unasikiliza kwenye mkeka.

Wazazi wangu walihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, miaka ya 1970. Nyumba ziliachwa, makaburi yakaachwa. Ukienda leo kwenye mahame yetu unachokiona ni minyaa iliyokuwa ua wa boma, imekuwa miti mikubwa, na jiwe la kusagia lililopasuka. Baba hakubeba kitu kutoka kule zaidi ya majina. Jioni alikuwa anatupanga: hapa palikuwa kwa fulani, kushoto kwa fulani, na fulani alizaa fulani. Niliona ni mazoea ya uzee, mpaka niliposoma Nyakati nikiwa mtu mzima.

Angalia pia nafasi imetolewa kwa nani. Yuda ana sura mbili na zaidi. Lawi ana sura ndefu ya mistari 81. Benyamini anarudiwa. Hao ndio waliokuwa wengi kati ya waliorudi. Naftali amepata mstari mmoja tu, 7:13, na Zabuloni hana orodha yake kabisa. Hili linaniuma na sitaki kulifunika. Kila orodha ina mlango na kuna mtu amekaa karibu nao. Ezra 2 anawataja watu 652 waliorudi wakashindwa kuonyesha nyumba ya baba zao. Nasaba yao haikujulikana. Lakini wamehesabiwa, wameandikwa kwamba ni watu wasiojulikana walikotoka, wakaingia mjini. Makuhani fulani, akina Barzilai, walitafuta kumbukumbu zao zisionekane, wakaondolewa kwenye ukuhani mpaka atakapopatikana kuhani wa kuulizia kwa Urimu na Thumimu, vile vitu vitakatifu vya kumwulizia Mungu. Barzilai huyo alikuwa ameoa kwa Barzilai Mgileadi, akachukua jina la ukoo wa mke. Kwa hiyo dada, yaliyokukuta hayakuanza Mvumi.

Nimalizie kwa wanawake, maana nadhani ndiko swali lako liliko. Soma 1 Nyakati 2:34. Sheshani hakuwa na wana, alikuwa na mabinti tu. Kwa desturi, hapo nasaba imekatika. Lakini alikuwa na mtumwa Mmisri, Yarha, akamwoza binti yake. Wakamzaa Atai, na kutoka Atai mwandishi anahesabu majina 13 bila kupumzika mpaka Elishama. Kumi na tatu, kupitia kwa binti na kwa mtumwa mgeni! Nadhani mwandishi alifurahi akiandika. Nyuma kidogo, 2:16, wako Abishai, Yoabu na Asaheli, majemadari, na maisha yao yote wanaitwa kwa mama yao, wana wa Seruya. Na kabla ya yote hayo soma Hesabu 27, mabinti wa Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuzaa mwana wa kiume. Mungu akasema wamenena sawa. Majina yao ni Mala, Noa, Hogla, Milka, Tirza. Yametajwa matano yote, na kwenye Yoshua 17, wakati wa kugawa ardhi, yametajwa tena.

---

FundiWaMajengo

Asanteni sana. Nimechelewa kurudi, nilikuwa na sare za shule za kumaliza.

Jumatano ilikuwa nyumbani kwangu. Sikuweza kusoma zote tisa. Nilisoma sura ya kwanza kidogo ili wasikie ule mwendo bila kitenzi, kisha nikafuata njia ya Mzee wa Bahi, kusimama kwenye vitenzi. Kwenye ng'ombe wa Gathi baba mmoja, ambaye huwa hasemi, aliuliza, "Walirudishwa kuzikwa?" Nikasema haikuandikwa. Akanyamaza, kisha akasema kaka yake hakurudishwa. Tulikaa hapo muda mrefu, nami sikumharakisha mtu.

Kaka mlinzi, mistari yako ya mabawabu niliisoma, na nikawaambia imeletwa na mlinzi wa Mtumba. Walitaka kujua jina lako wakuombee. Nimewaambia Mungu analijua.

Kwa Sheshani nilipanga nisilie na nikalia. Niliwaambia habari za muhtasari. Kiongozi wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba Biblia yangu, akahesabu kwa kidole: Atai, Nathani, Zabadi, mpaka Elishama. Akasema, "Kweli ni kumi na tatu." Wiki ijayo tunarudia sura ya saba, yeye ndiye ameomba.

Usiku nilitoa daftari la baba, la mistari, jalada la bluu limeng'oka pembeni. Ukurasa wa nyuma ndiko alikoandika ndugu za mama yake, bibi yetu, kwa biki. Nilikuwa sijauangalia tangu afariki. Jina la pili lipo. Baba aliliandika, na mbele yake akaacha nafasi, wengine wote wana waume na watoto mbele ya majina yao. Nimeijaza kwa mwandiko wangu: "Alitolewa wakati wa Mtunya kwa watu wenye mtama. Mdogo wake, bibi yetu, alimtaja mpaka alipokufa."

Dada yangu amesoma mada hii yote kwenye simu yangu na ana swali kwa Mwalimu. Anauliza kama ile miji ya Sheera bado ipo.

---

MwalimuMpwapwa

Mwambie Beth-horoni zote mbili zipo. Leo zinaitwa kwa Kiarabu Beit Ur al-Fauqa, ndiyo ya juu, na Beit Ur al-Tahta, ndiyo ya chini, kaskazini magharibi mwa Yerusalemu, kwenye mtelemko wa njia ya kale ya kushukia tambarare. Ni vijiji, vina watu, na wanalima mizeituni.